Shoka Kabla ya Maelezo: Uhakiki wa Mwanzo wa God of War ya 2018

Mchezo wa video unaotegemea hadithi hupewa muda mfupi sana wa kujitetea. Mtu aliyeshika pedi hana subira ya msomaji wa riwaya, wala hajafungiwa gizani kama mtazamaji wa sinema aliyekwisha kulipia tiketi. Akichoshwa na dakika za mwanzo, anarudi kwenye menyu na kufungua mchezo wa mpira. Ndiyo maana nimeona inafaa kuuhakiki mwanzo peke yake, na nimechagua mwanzo wa God of War, mchezo uliotolewa na studio ya Santa Monica tarehe 20 Aprili 2018 kwa ajili ya PlayStation 4, kisha ukaletwa kwenye kompyuta mwezi Januari 2022. Nitajihusisha na sehemu inayoanzia kwenye menyu ya kwanza hadi mwisho wa pambano na mgeni asiyejitaja jina. Nalazimika kueleza yanayotokea humo, pamoja na jambo moja linalobainika baadaye, kwa hiyo anayetaka kuyakuta mwenyewe na aishie hapa.

Ili kuelewa ujasiri wa mwanzo huu, ni lazima kukumbuka mfululizo huu ulizoea kuanza vipi. Toleo la kwanza la mwaka 2005, lililochezwa kwenye PlayStation 2, lilianza kwa Kratos, shujaa wa mfululizo huu, kujitupa kutoka kwenye jabali refu la Ugiriki, kisha likamrudisha mchezaji nyuma na kumweka kwenye merikebu iliyoshambuliwa na Hydra, joka la vichwa vingi, katika Bahari ya Aegean. La pili, la mwaka 2007, lilimkutanisha na sanamu kubwa ya Rhodes iliyopewa uhai. La tatu, la mwaka 2010, lilimpandisha Mlima Olympus akiwa juu ya mgongo wa jitu Gaia, na kabla jasho halijakauka akawa anapigana na Poseidon, mungu wa bahari. Kanuni ilikuwa moja: anza na kitu kikubwa kuliko vyote, piga kelele, mwage damu, na maelezo yatafuata. Waliokulia kwenye vibanda vya PlayStation vya Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam, ambako muda hulipiwa na nyuma yako kuna foleni, wanajua kanuni hiyo ilivyofaa mazingira yao: hata mtu asiyekuwa na dakika ishirini za kukaa alipata cha kusimulia.

Toleo la 2018, lililohamia Skandinavia, linaanza na mtu mmoja na mti mmoja. Menyu ya kwanza inamwonyesha Kratos kwa karibu, ndevu zimejaa, uso umechoka, kiganja chake kimegusa alama ya dhahabu yenye umbo la mkono iliyochorwa kwenye gome. Hakuna muziki wa vita. Mchezaji anapochagua kuanza, skrini haizimiki na wala picha haibadilishwi. Ile ile iliyokuwa menyu inageuka kuwa tukio, Kratos anauondoa mkono wake, anashika shoka, na kwenye skrini kinatokea kitufe cha R1, kile cha ukingo wa juu kulia wa pedi. Unabonyeza, shoka linazama kwenye shina. Unabonyeza tena. Baada ya mapigo machache mti unaanguka, na mwenye shoka anaubeba begani bila kusema ni wa nini.

Hapo ndipo ninapoona ustadi mkubwa wa mwanzo huu. Michezo mingi humpa mchezaji hadithi kwanza na kazi baadaye: hutangulia sauti inayosimulia vita vya miaka elfu iliyopita, ramani hufunguka, majina ya falme hupita, na baada ya hapo ndipo mtu huruhusiwa kusogeza kidole. Mkurugenzi Cory Barlog, ambaye ndiye aliyeongoza pia toleo la 2007, amegeuza utaratibu. Mkono unafanya kazi kabla ya kichwa kujua sababu, na kutojua huko ndiko kunakomvuta mchezaji mbele. Mti huu ni wa nini? Alama ile aliiweka nani? Kwa nini mtu aliyewahi kuua miungu anakata kuni kimya kimya msituni? Maswali hayo hayatamkwi na mhusika yeyote. Yanazaliwa kichwani mwa mchezaji mwenyewe kwa sababu kazi ameifanya yeye.

Si kwamba mchezo huu ni wa kwanza kutambua nguvu ya jambo hilo. Half-Life ya mwaka 1998 ilimweka mchezaji ndani ya behewa linalopita polepole katika maabara ya Black Mesa, akiwa huru kugeuka na kutazama lakini bila la kufanya zaidi ya kwenda kazini, na kwa njia hiyo ikamfahamisha mahali pazima pasipo maelezo. The Last of Us ya mwaka 2013 ilimkabidhi binti mdogo aitwaye Sarah, ikamwacha atembee gizani ndani ya nyumba yao akimtafuta baba yake, kisha ikampokonya binti huyo kwa namna ambayo wengi hawajaisahau. Skyrim ya mwaka 2011, kwa upande mwingine, ilimfunga mikono na kumpandisha kwenye mkokoteni ili asikilize mazungumzo ya wengine; nauheshimu mchezo huo, ila mkokoteni wake kwangu umekuwa adhabu kila ninapoanza upya. Tofauti ya God of War ni kwamba hapa kitendo cha kwanza ni cha kawaida kabisa, na uzito wake unaongezeka kadiri hadithi inavyosonga.

Mti ule ni kuni za maziko. Kratos na mwanawe Atreus wanarudi nyumbani, na ndani ya nyumba umelazwa mwili wa Faye, mke wa mmoja na mama wa mwingine. Kwa msomaji aliyelelewa katika desturi zetu, ambako msiba ni wa mtaa mzima, ambako majirani hufika kabla hata hawajaitwa, turubai hufungwa uani na wanawake hukesha jikoni, tukio hili linashtua kwa upweke wake. Hakuna matanga. Hakuna anayepika, anayeimba wala anayeshika mkono wa mtoto. Baba anauzungushia mwili sanda, anaubeba hadi kwenye kuni, anawasha moto, na wote wawili wanasimama wakitazama kama watu wasiojua wazungumze lugha gani. Mtoto anatia mkono motoni ili kuokoa kisu cha mama yake. Kwa tendo hilo moja tunaelewa nani alikuwa mlezi katika nyumba hii na nani alikuwa akiishi pembeni.

Wosia wa marehemu ndio unaoweka safari: majivu yake yapelekwe kwenye kilele kirefu kuliko vyote katika milki zote. Tazama jinsi lengo hili lilivyo dogo likilinganishwa na yale ya matoleo ya nyuma. Hakuna ulimwengu wa kuokoa, hakuna mungu wa kulipiziwa kisasi. Kuna mfuko wa majivu na mlima, na kila mchezaji, hata asiyejua lolote kuhusu Ugiriki au Skandinavia, analielewa jukumu la kutimiza neno la aliyefariki.

Kabla ya kuondoka, baba anataka kujua kama mtoto anaweza kuhimili safari, hivyo anamtaka aonyeshe anavyowinda. Sehemu hii ya kumfuata kulungu ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ninaona inastahili kutazamwa kwa utulivu. Atreus anamwona mnyama, anavuta upinde, anafyatua mshale kabla hajaambiwa, anakosa. Kratos anamkaripia na kumwonya asifyatue tena mpaka apewe amri. Mtoto anaomba radhi, na baba anamjibu kwa ukali kwamba asiombe radhi, bali awe bora zaidi. Muda mfupi baadaye, maadui wa kwanza wanapotokea, mchezo unamfundisha mchezaji kwamba kitufe cha mraba humwamuru Atreus kupiga mshale. Amri ile ya baba kwa mwana imegeuka kuwa kitufe kwenye pedi. Mchezo mwingine ungetupa dirisha la maelezo kusema kwamba mwenzako anasubiri agizo lako. Huu umetuonyesha kwanza ugomvi uliozaa utaratibu huo, na kuanzia hapo kila unapobonyeza kitufe hicho unaendeleza uhusiano wa watu wawili ambao bado hawajui kupendana waziwazi.

Kulungu anapatikana tena, mshale unampata, lakini hajafa. Baba anamtaka mtoto amalizie kwa kisu, na mtoto anashindwa. Kratos anaushika mkono wa mwanawe na kuusukuma. Kisha anainua kiganja chake nyuma ya mgongo wa mtoto ili amfariji, kiganja kinasita hewani, na anakirudisha bila kumgusa. Atreus hakuona. Mchezaji ameona, na sasa anajua siri ambayo mwana haijui. Hakuna neno lililotumika.

Shoka lenyewe nalo linafundishwa kwa namna hiyo hiyo ya kufanya kabla ya kuelezwa. Leviathan, kama linavyoitwa, hurushwa kwa kitufe kimoja na kuitwa lirudi kwa kingine. Linaporudi, unasikia mvumo wake ukikaribia, kisha mshindo kiganjani, na pedi inatetema wakati ule ule. Ni jambo dogo ambalo mchezaji atalifanya mara nyingi mno kabla ya mwisho, na watengenezaji walijua kwamba lisipokuwa tamu tangu mwanzo, kila kingine kingechosha. Nimewaona watu wasiojali hadithi za michezo wakisimama mbele ya mti wowote na kurusha shoka bila sababu.

Linalounganisha haya yote ni kamera. Mchezo mzima umepigwa kana kwamba ni picha moja isiyokatwa, tangu kiganja kwenye gome hadi tamati. Kwa sinema huo ungekuwa ufundi wa kujionyesha. Kwa mchezo una kazi, kwani unafuta mpaka kati ya sehemu ya kutazama na sehemu ya kucheza. Hakuna wakati mtu anaweka pedi mezani akisema sasa ni zamu ya filamu, kwa sababu kamera ile ile iliyokuwa inawasikiliza wakizungumza inarudi taratibu nyuma ya bega la Kratos na ghafla mguu ni wako. Muziki wa Bear McCreary unafuata hekima hiyo: unakaa kimya pale ambapo wengine wangeweka ngoma, na unapoinuka kwa sauti za kwaya huwa umeitwa na tukio.

Baada ya kulungu linatokea jitu, zimwi kubwa lenye nguzo ya jiwe mabegani, na kwa mara ya kwanza tunapata pambano la ukubwa tuliouzoea. Limewekwa vizuri kwa sababu mwisho wake si ushindi. Atreus anaingiwa na hasira, anaudunga mzoga kwa kisu huku akipiga kelele, na baba yake, ambaye anaijua hasira ya aina hiyo kuliko mtu yeyote, anamwambia kwamba hayuko tayari. Wanarudi nyumbani. Hapo tena mchezo unaonyesha imani kubwa kwa mchezaji: umemfikisha kwenye kizingiti cha safari na kumrejesha alikotoka.

Kisha mlango unagongwa. Aliyesimama nje ni mwanamume mwembamba, mwili umejaa michoro, hana silaha wala jeshi, na anazungumza kwa dharau kama mlevi anayetafuta ugomvi. Kratos anamficha mtoto chini ya sakafu na kumtaka mgeni aondoke. Mgeni anampiga ngumi moja inayomrusha juu ya paa la nyumba. Kwa muda wote uliotangulia tumekuwa tukitembea polepole, tukikata, tukiwinda, tukizika. Ukubwa wa matoleo ya zamani umezuiliwa kwa makusudi, na sasa unaachiliwa wote kwa mkupuo, miti inang'oka, miamba inagawanyika, ardhi inapasuka kati ya watu wawili. Mgeni hasikii maumivu, na analalamika kwamba hasikii. Ukimya wa mwanzo ndio uliolipia kelele hizi. Laiti pambano hili lingewekwa dakika ya kwanza, kama kanuni ya 2005 ilivyotaka, lingekuwa fujo ya kupendeza na basi. Likiwa hapa lilipo, kila pigo linaitikisa nyumba ambayo mtoto amejificha chini yake.

Na sasa lile jambo nililotaja mwanzoni. Baadaye katika safari inabainika kwamba miti yenye alama za dhahabu ilikuwa kinga ambayo Faye aliizungushia nyumba yao ili isionekane na waliowatafuta. Kuikata kwa ajili ya kuni za maziko kulivunja kinga hiyo. Kwa maneno mengine, mgeni aliweza kufika mlangoni kutokana na kitufe cha kwanza kabisa ambacho mchezaji alibonyeza, alipodhani anafundishwa kutumia shoka tu. Sijui mafunzo ya vitufe katika mchezo mwingine ambayo yamefungwa kwenye hadithi kwa fundo la namna hii. Mchezo haumlaumu mchezaji, hata haulisisitizi jambo lenyewe. Mtu asiye makini anaweza kulipita.

Sifa hizi hazifuti kasoro. Toleo la awali la PlayStation 4 lilikuja na maandishi madogo kiasi kwamba aliyekaa mbali kidogo na televisheni alilazimika kukodoa macho, na ingawa sasisho liliyakuza baadaye, uzuri wa mazungumzo yale mafupi ulipotea kwa wengi waliocheza mapema. Mara tu mwanzo unapokwisha, mchezo unafungua menyu za mavazi, mawe ya nguvu na takwimu zenye majina mengi, na ule urahisi wa mtu mmoja na shoka lake unasongwa na hesabu ambazo sikuona hadithi ikizihitaji. Zimwi lile la kwanza, ambalo linaahidi kwamba kila pambano kubwa litakuwa na umbo na maana yake, linarudi tena na tena likiwa limebadilishwa rangi na tabia kidogo, hadi mtu anachoka kuliona. Kamera isiyokatwa nayo ina gharama: wahusika wanalazimika kupenya kwenye nyufa za miamba mara nyingi ili mashine ipate muda wa kupakia eneo linalofuata, na ukishalijua hilo huwezi kuacha kuliona.

Kwa mchezaji wetu kuna suala la lugha. Mchezo hauna Kiswahili, si kwa sauti wala kwa maandishi. Bahati nzuri mwanzo wenyewe unahitaji maneno machache, Kratos huzungumza kwa sentensi fupi kama anayelipia kila neno, na yaliyo muhimu yanaonekana kwenye mikono na nyuso. Ugumu unakuja baadaye, hasa kwa masimulizi marefu ya Mimir, msimuliaji anayejiunga na safari baadaye, anayezungumza Kiingereza cha lafudhi ya Uskoti ndani ya mtumbwi. Hapo ni vyema kuwasha maandishi na kuyaweka kwenye ukubwa wa juu kabisa.

Mchezo ulitunukiwa mchezo bora wa mwaka katika The Game Awards ya 2018, hivyo hauhitaji nyota zangu. Anayeuliza anunue upi, jibu langu ni kwamba diski iliyotumika ya PlayStation 4 inatosha kabisa, na mwenye PlayStation 5 inayosoma diski ataiweka humo humo na kupata picha laini zaidi kutokana na sasisho la mwaka 2021. Toleo la kompyuta ni zuri pia, ila linataka nafasi ya gigabaiti 70, na kwa anayenunua data kwa vifurushi hilo ni jambo la kupigia hesabu kabla ya kulipa. Kuhusu ngazi za ugumu, asiyezoea mapambano asione haya kuchagua ya chini kabisa, ambayo imewekwa kwa ajili ya wanaotaka hadithi. Ile ya juu kabisa haiwezi kubadilishwa ukishaanza, na mgeni wa mlangoni katika ngazi hiyo hupiga vibaya sana; nimemwona rafiki yangu, mtu hodari wa michezo ya mapigano, akikwama kwake jioni nzima hadi ikabidi aanze upya tangu kwenye mti.